Shahada ya Maji Mafu

Mtu mzima akitangaza kwamba anarudi kusoma, hupewa ushauri uleule: tenga saa moja kila siku, amka saa kumi za alfajiri, soma kabla nyumba haijaamka. Mimi nimepewa ushauri huo na watu wengi wema, karibu wote wanaume, na karibu wote wana chumba chenye mlango unaofungika. Niliujaribu, nikaona hautanifikisha. Saa kumi za alfajiri mume wangu ndiyo kwanza anapanda kutoka pwani, ana njaa, ananuka dagaa, na ana habari za usiku mzima. Mama yangu naye ameshaamka, anakusanya kamba zake. Nani atasoma hapo?

Tunaishi Mlingotini, kata ya Zinga, wilaya ya Bagamoyo. Ukitoka Dar es Salaam unapita Bunju, Mapinga na Kerege, unafika Zinga, unaiacha lami mkono wa kulia na kushuka baharini. Kijiji kimeegemea ghuba iliyokingwa na ulimi wa mchanga na mikoko, na utulivu wa maji yake ndio uliokifanya kilimo cha mwani kishike. Kilimo hicho kilianza kibiashara Zanzibar mwishoni mwa miaka ya 1980, kikavuka kuja bara, na huku kwetu kimebaki zaidi mikononi mwa wanawake. Mama yangu ni mmoja wao. Mume wangu ni mvuvi wa dagaa. Mimi ni mwalimu, na mwaka 2009, nikiwa na miaka thelathini na minne, watoto wawili na cheti cha ualimu cha Daraja la Tatu A, nilijiandikisha Chuo Kikuu Huria cha Tanzania. Sikuwa na kidato cha sita, kwa hiyo niliingilia mlango wa kozi ya msingi, ile inayowaandaa watu wa aina yangu kabla ya kuruhusiwa kuanza shahada yenyewe.

Nyumba yetu ilikuwa inaendeshwa na kalenda tatu. Ya kwanza ya serikali: kengele, maandalio ya somo, mtihani wa darasa la saba mwezi wa Septemba. Hiyo haihojiwi.

Ya pili ni ya mume wangu. Dagaa huvuliwa kwa taa, kwa hiyo wavuvi wake huhesabu giza na mbalamwezi. Giza likiingia, vyombo hushuka kila jioni na pesa huonekana ndani ya nyumba. Mwezi ukijaa, taa haina kazi, dagaa hawakusanyiki, ringineti huanikwa na kushonwa, na mwanamume hushinda na kulala nyumbani bila senti mfukoni.

Ya tatu ni ya mama. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, bahari huingia katika bamvua: hujaa sana na kupwa sana, na kwenye pwani yetu kupwa huko huangukia saa nne, saa tano za asubuhi. Ndipo wanawake hushuka na vigingi, kamba na viroba vya mbegu, wakainama ndani ya maji ya magoti mpaka bahari ianze kurudi. Kati ya bamvua moja na nyingine kuna maji mafu, ambayo hayajai sana wala hayapwi sana, na shamba halifikiki kwa miguu. Siku hizo mama hukaa uani, anakata taitai za kufungia, anageuza mwani ulioanikwa, anasuka wajukuu nywele.

Nilizijua kalenda hizi tangu utoto. Kilichonichukua muda ni kuzilaza karatasi moja. Nilichukua kaunta buku na kalenda ya msikiti, yenye tarehe za Kiislamu pembeni, nikachora mwezi mzima siku kwa siku. Bamvua la mwezi mwandamo: mama baharini, mume baharini, watoto wangu, jiko langu, darasa langu. Nikapiga mstari mwekundu. Hapo hakuna kitabu. Maji mafu yanayofuata: mama yupo uani na mume bado anavua, pesa ipo. Hapo nasoma. Bamvua la mwezi mpevu: mama hayupo, lakini mume yupo. Hapo pia nasoma, ilimradi mwenyewe akubali kwamba yupo. Maji mafu ya pili giza linarudi kidogo kidogo. Hizo nusu zangu, nusu zao.

Hilo la mume kukubali kwamba yupo lilitaka mazungumzo. “Mwalimu,” aliniambia, maana ndivyo anavyoniita akitaka kunitania, “mimi mbalamwezi napumzika.” Nikamwambia apumzike na mtoto mapajani. Akacheka, akaenda zake maskani, akarudi usiku na sharti moja: atashinda na watoto, hata kupika atapika, ila mama mkwe wake asimkute ameshika mwiko. Sharti hilo lilikuwa jepesi, kwa kuwa saa za kupika ndizo saa ambazo mama mkwe yuko ndani ya maji. Kwa miaka yote ile mama alikuwa akirudi anakuta ugali umeshaiva, anakula, na kunisifu mimi.

Basi nikaacha kusoma kila siku. Zikifika siku zangu nilisoma mchana baada ya vipindi na usiku kwa taa ya chemli, maana umeme ulikuwa haujatufikia. Nilimaliza sura baada ya sura, naandika kazi za chuo, nalala kidogo. Zikiisha, nilifunga vitabu ndani ya mfuko wa plastiki na kuuweka juu ya kabati bila huzuni. Walimu wenzangu waliona hiyo ni njia ya kusahau. Kuna kusahau, sikatai. Lakini niligundua kwamba kilichokuwa kikitoroka wiki ile ya bamvua ni kile nilichokariri tu. Nilichokielewa nilikikuta palepale nilipokiacha. Nilipofungua tena kitabu nilijua ukurasa gani wa kurudia na upi wa kuruka. Ukisoma saa moja kila siku hujui tofauti hiyo, kwa sababu kila kitu bado kiko karibu.

Ramadhani ilivunja mpangilio wote, na kwa uzuri. Mwaka 2011 mfungo uliangukia Agosti. Jioni zilikwisha kwenye futari na tarawehe, lakini baada ya daku, nyumba ikirudi kulala kungoja adhana, kulikuwa na kimya ambacho sijakipata mwezi mwingine wowote. Kwa hiyo sikatai kabisa ushauri wa alfajiri. Unafanya kazi mwezi mmoja kwa mwaka.

Majirani walikuwa na jina lao kwangu. Miaka michache nyuma redio zilikuwa zimejaa habari za Kimani Maruge, mzee wa Kenya aliyeingia darasa la kwanza mwaka 2004 akiwa na miaka 84 baada ya elimu ya msingi kuwa bure nchini kwao. Nikipita na mkoba wangu, vijana wa boda waliniita Maruge. Nilikuwa sijafika hata nusu ya umri wake! Lakini aliyenitetea alikuwa mama. Yeye ni mtoto wa kisomo. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na madarasa yakaenea vijijini, chini ya miembe na kwenye ofisi za chama. Mama alijifunza kusoma na kuandika mwaka 1975 akiwa na mimba yangu. “Huyu alianza shule kabla yenu,” aliwaambia vijana wale, “alikuwa tumboni wakati mimi naandika a, e, i, o, u.” Wakanyamaza kwa siku chache.

Watu wa leo wanazungumza kana kwamba mtu mzima kuingia chuo kikuu ni jambo la ajabu, tena la ukarimu wa siku hizi. Novemba 1974 TANU ilikutana Musoma na kuamua kinyume chake: kijana akimaliza sekondari aende kwanza kazini, na chuo kikuu kimpokee baadaye, akiwa na uzoefu na maoni ya waliofanya naye kazi. Azimio lile lilikuwa na matatizo yake. Wanawake walipungua vyuoni, kwa kuwa miaka ya kungoja ndiyo miaka ya kuolewa na kuzaa, na masharti yakalazimika kulegezwa kwao. Hata hivyo naona walikuwa wameona kitu. Walichokosa ni chuo ambacho mtu angeweza kukisoma bila kuhama nyumbani. Hicho kilikuja baadaye, kwa Sheria namba 17 ya 1992. Chuo Kikuu Huria kilifungua milango mwaka 1993, Profesa Geoffrey Mmari akiwa Makamu Mkuu wake wa kwanza, na mwaka uliofuata wanafunzi wa mwanzo wakaanza masomo. Waingereza walikuwa na chuo chao cha namna hiyo tangu 1969. Afrika Kusini, kwa chuo chao cha UNISA, walikuwa wakifundisha kwa posta mapema zaidi. Nelson Mandela alipata shahada yake ya sheria ya UNISA mwaka 1989 akiwa bado mfungwa. Nilipowaambia wanawake wenzangu habari hiyo, mmoja akasema Mandela hakuwa na mtoto wa kunyonyesha kule gerezani. Jibu hilo halimtendei haki mzee wa watu, ambaye watoto wake walikua bila yeye. Lakini nililielewa.

Pesa ilikuwa shida, nitaifikia. Iliyokuwa shida zaidi ni Kiingereza.

Shule nyingi za msingi Tanzania hufundisha kwa Kiswahili, na mimi nilikuwa nimeishi ndani ya Kiswahili miaka yote ya kazi. Vitabu vya chuo, ukiacha kozi za Kiswahili chenyewe, vilikuwa vya Kiingereza cha watu wasiokuwa na haraka ya kueleweka. Nilikuwa na kamusi ya Kiingereza na Kiswahili ya TUKI, ile ya 1996, jalada limeshatoka. Mwanzoni nilitafuta kila neno, nikawa nimesoma ukurasa mzima bila kujua umesema nini. Dawa niliipata uani kwa mama. Siku za maji mafu, yeye anakata taitai, mimi nilikaa kwenye kigoda nikamsimulia kwa Kiswahili nilichosoma jana. Nikiweza kumsimulia, basi nimeelewa na naweza kukiandika kwa Kiingereza changu kibovu kikapata alama. Nikikwama mbele yake, narudi kitabuni.

Mama hakuwa msikilizaji wa kutikisa kichwa tu. Nilimwambia kuhusu Piaget, Mswisi aliyeonyesha kwamba mtoto mdogo, ukimimina maji ya gilasi pana kwenye gilasi nyembamba, hudhani yameongezeka kwa kuwa yamepanda juu. Mama akaacha kazi, akamwita mjukuu, akachukua kikombe na chupa. Mtoto akachagua chupa. Mama alicheka mpaka akafuta machozi, kisha akasema, “Wanunuzi wa mwani hutufanyia hivyohivyo kwa mizani.” Kwenye mtihani wa saikolojia ya elimu lilikuja swali la nadharia ile ile. Sikuandika habari za mizani, ingawa nilitamani.

Kituo changu kilikuwa Kinondoni. Boda mpaka lami, daladala mpaka Mwenge kabla magari ya Bagamoyo hayajahamishiwa Makumbusho, kisha gari jingine mpaka Biafra. Nilikwenda pale panapokuwa na mafunzo ya ana kwa ana na mitihani. Kule ndiko nilikoona nchi inavyosoma: polisi, wauguzi, makarani wa mahakama, mchungaji mmoja, wanawake wenye vitoto mgongoni, wote tukisubiri kwenye korido moja na tukiulizana nani amepata matokeo. Hakuna aliyeuliza mwenzake kwa nini amechelewa kusoma.

Karo ya Huria ilikuwa na wema wake, kwamba ilihesabiwa kwa kozi. Pesa ikipungua, unajisajili kozi chache, unachelewa, lakini hufukuzwi. Giza likiwa zuri nililipia kozi nyingi. Pesa nyingine ilitoka VICOBA, kikundi cha kuweka na kukopa, na sehemu ilitoka kwa mama, aliyekuwa akiuza mwani kwa bei ambayo ni aibu kuitaja mbele ya mtu aliyeshinda amepinda mgongo. Mkopo wa elimu ya juu sikuuwaza. Nilikuwa na ajira na nilijua foleni ya vijana wasio na kitu ni ndefu. Mwaka 2013 nilijifungua mtoto wa tatu nikaahirisha masomo. Barua ya kuahirisha ilikuwa ya aya moja, na chuo kikaikubali. Ningekuwa katika chuo cha kawaida mambo yangekwisha pale.

Naandika haya nikimkumbuka mwalimu mwenzangu tuliyeanza pamoja. Alikuwa hodari kuliko mimi, Kiingereza chake kilinyooka. Baba yake aliugua kiharusi, na nyumba yao haikuwa na mtu mwingine wa kumgeuza kitandani. Ugonjwa wa namna ile hauna bamvua wala maji mafu. Nilimchorea kalenda, tukaitazama wote wawili, akaikunja na kunirudishia. Hakumaliza. Watu wa semina za hamasa wakisema kwamba aliyeshindwa hakutaka vya kutosha, mimi huondoka ukumbini.

Mwaka mmoja kabla ya kumaliza nilipelekwa mazoezi ya kufundisha, kwenye sekondari ya kata, nje kidogo ya kijiji. Nilikuwa nimefundisha zaidi ya miaka kumi na tano. Aliyekuja kunikagua alikuwa kijana mpole, aliyezaliwa pengine mwaka nilioolewa, na ndani ya darasa lile la kidato cha pili zaidi ya nusu walikuwa watoto niliowafundisha kusoma. Kabla hatujaanza, mmoja akanyoosha mkono: “Mwalimu, kumbe na wewe unakaguliwa?” Darasa likaangua kicheko. Mkaguzi naye akacheka. Nikawaambia ndiyo, na wakinichezea nitafeli na watanipata tena mwakani. Sijawahi kuwa na darasa lenye nidhamu kama lile. Alama nilizopata ni zao nusu.

Shahada nikaipata. Watu huuliza ilinipa nini, na mimi hupenda kuwajibu kwa hesabu. Mwalimu wa cheti huanza kazi TGTS B, wa stashahada TGTS C, wa shahada TGTS D. Maneno hayo yakisikika tu, mtu huona ngazi mbili za mshahara zikimngoja. Lakini mwalimu wa cheti aliyekaa kazini muda mrefu hupandishwa daraja njiani, na mimi wakati navaa joho nilikuwa tayari nimeshafika mahali mhitimu mpya anapoanzia. Barua ya kubadilishiwa muundo nayo ilikaa kwenye meza fulani kwa muda mrefu sana. Kwa hiyo miezi ya kwanza baada ya shahada mshahara wangu ulikuwa uleule, na deni la VICOBA likiwa palepale. Mume wangu aliitazama ile hati, akaniuliza kwa adabu zote kama inaweza kuwekwa rehani.

Ilichonipa ni kazi nyingine. Nilihamishiwa sekondari, nikaanza kufundisha Kiswahili na Historia kwa watoto wanaofika kidato cha kwanza na kukuta karibu masomo yote yamegeuka Kiingereza usiku mmoja. Wengi wa walimu wao walipitia mpito huo wakiwa na miaka kumi na minne, wameshausahau. Mimi nilikuwa nao juzi, na miwani puani. Mtoto akinyamaza darasani najua ananyamaza kwa kukosa neno au kwa kukosa jambo, na hizo ni nyamaza mbili tofauti. Kabla ya chuo nisingezitenganisha, na sidhani ningezitenganisha kama ningekisoma nikiwa na miaka ishirini.

Sasa mdogo wangu wa mwisho, anayelima mwani pamoja na mama, naye yuko Huria. Nilimpa kaunta buku langu la zamani nikidhani nampa urithi. Akalisoma, akanirudishia. “Dada, hili la kwako,” akasema. Mumewe ni dereva wa bodaboda, hana giza wala mbalamwezi. Kalenda yake ni Ijumaa, sikukuu na mvua za masika. Tulikaa tukaanza upya kwa karatasi nyeupe, na imetoka picha ambayo mimi nisingeweza kuishi ndani yake hata mwezi mmoja.

Mitihani yake ya kwanza imeangukia bamvua kubwa, tena shule zikiwa zimefungwa. Nimemwambia aende, kamba zake nitazishukia mimi. Mama amekubali, ila amesema atasimama nyuma yangu mwenyewe, kwa sababu mara ya mwisho nilipofunga mbegu nusu yake ilisombwa na maji kabla hatujafika nyumbani.